Alama kwenye Mguu wa Camille

Kalemie, 13 Mei 1984

Yaya Pétronille,

Dada yangu mkubwa, pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Florent hadi huyu mchanga ambaye bado hajui kusalimu. Tumemwita Nicolas. Ananyonya mchana kutwa, na akishiba anatukodolea macho kana kwamba sisi ndio wageni hapa. Florent yuko palepale depo ya reli. Mwezi huu treni ya Kabalo imefika mara mbili, kwa hiyo ana furaha. Mama mkwe Mujinga, aliyetoka Nyunzu kuja kunisaidia uzazi, bado yupo. Anasema atarudi kwake mtoto akianza kukaa. Mimi nanyamaza, maana sombe yake, kisamvu cha kwao, inanishinda kwa mbali, na tangu aje sijagusa kinu.

Asante kwa kunitunzia Camille wiki zile tatu nilipokuwa najifungua. Amerudi na maneno mapya ya Zongwe, ila amekonda. Na kuna jambo, Yaya. Tangu ashuke kwenye mtumbwi wa Hippolyte, anaburuta mguu wa kushoto. Kandambili inamtoka, naye anaendelea kutembea bila kujua kwamba hana kiatu. Jioni ile ya kwanza Mama Mujinga alimwogesha, akainua unyayo, akauachia, ukaanguka. Akaniambia, "Muguu ya huyu mutoto imekufa hapa chini." Sisi wengine tulikuwa hatujaona kitu, tulidhani ni uchovu wa safari.

Je, alianguka huko? Aliugua? Ana miaka minne tu, nikimuuliza ananisimulia habari za bata wenu. Nijibu kwa mkono wa Hippolyte, anarudi huku Jumatano.

Mdogo wako,
Adrienne


Zongwe, 3 Juni 1984

Mdogo wangu Adrienne,

Bwana asifiwe kwa ajili ya Nicolas. Nilipolisikia jina lake nililia, maana ni jina la baba yetu na hakuna mwingine aliyekumbuka kulirudisha. Hapa tuko wazima. Ziwa limekuwa kali majuma mawili, ndiyo sababu ya kuchelewa. Hippolyte alikaa ufukweni akicheza karata na wenzake. Bata wametaga. Nimekutumia kikapu cha ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na samaki wawili wakubwa waliokaushwa, wapike kwa ajili ya maziwa yako.

Kuhusu Camille, usijisumbue moyo. Aliteleza kwenye mawe pale tunapofulia, siku moja kabla ya safari. Ni kitu kidogo, hakulia hata. Ugonjwa hakuugua. Isidore anasema alikuwa mzima siku zake zote hapa, alikula vizuri, alicheza vizuri, na wewe unajua mume wangu akiwa muuguzi hawezi kukosea jambo la namna hiyo. Ukandeni mguu kwa maji ya moto, utapona.

Msalimie Florent. Msalimie na mama mkwe wako.

Pétronille


Kalemie, 22 Julai 1984

Yaya Pétronille,

Salamu zako zilifika, na samaki pia. Wamekuwa wengi mno, tumegawia hadi Mama Hélène wa jirani, naye sasa ananiuliza kama dada yangu ameolewa na mvuvi au na muuguzi. Nicolas ameanza kucheka. Mimi nimerudi sokoni; naondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo nyumba iko mikononi mwa mama mkwe.

Tulimkanda kwa maji ya moto majuma matatu. Juma la nne Mama Mujinga aligundua lengelenge kwenye unyayo: maji yalimchoma mtoto, naye hakusikia lolote. Hapo tulimpeleka hospitali.

Kuna kijana mmoja pale anaitwa Évariste. Wanamwita kine, kazi yake ni kurudisha viungo vilivyokataa kutii. Alimfumba Camille macho kwa kitambaa, akampapasa kwa unyoya wa kuku, kisha kwa ncha ya pini. Upande wa nje wa mguu, na juu ya unyayo wote, mtoto hakusikia. Akaniambia mshipa wa fahamu umeumia, ule unaobeba habari kati ya mgongo na mguu. Haukukatika, umeungua kwa ndani, na unaota upya polepole sana, upana wa vidole viwili vya mtoto kwa mwezi. Wakati tunaungoja, kisigino kisikazike. Mama Mujinga anakishika kwenye kiganja, anausukuma unyayo juu kwa kigasha cha mkono huohuo, goti limenyooka, anahesabu hadi thelathini. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Amefunga kandambili kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na mtoto anatembea bila kujikwaa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi agonge kwa ncha ya kidole nyuma ya mguu, kuanzia chini kupanda. Pale Camille atakaposema siafu wanakimbia, ndipo mshipa umefika. Anaweka alama kwa kalamu ya zambarau, na ikififia anaikoleza. Évariste alitufundisha sisi wawili, akasema yule bibi ana mkono mzuri kuliko wanafunzi wake.

Halafu akaniuliza kama mtoto alipigwa sindano. Nikasema hapana, kwa kuwa wewe uliniambia hakuugua. Akauliza tena alipokuwa anaandika fishi, ile kadi ya mgonjwa. Na tena tulipofika mlangoni.

Jana Camille aliniambia, "Mama mukubwa alinikalia mugongoni." Nikacheka, nikamwambia mama mukubwa ni mzito. Ulikuwa mchezo gani huo, Yaya?

Adrienne


Zongwe, 26 Agosti 1984

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta shambani, mihogo imeshambuliwa na nguruwe mwitu. Shukuru Mungu uko mjini. Ninatuma tena samaki, na kitenge kwa ajili ya Camille, usikirudishe, nitaudhika.

Mtoto wa miaka minne anasema mengi. Tulikuwa tunacheza kama watu wanavyocheza na watoto. Na huyo kijana wa hospitali anauliza sindano kwa sababu hao wa mjini wakiona tatizo wanamtafuta muuguzi wa kijijini wa kumbebesha. Ninaapa mbele ya Bikira, Isidore hakumgusa mwanao. Hakuwepo hata. Alikuwa Moba wiki zote hizo tatu kwa ajili ya chanjo, muulize Hippolyte aliyempeleka na kumrudisha.

Sasa na mimi nikuulize, kwa kuwa unaniuliza sana. Huyo mama mkwe wako alijuaje kwamba mguu umekufa, jioni ile ile ya kwanza, kabla yako wewe mama mzazi? Nani anamshika mtoto asubuhi na jioni wakati wewe uko sokoni? Nani anamchora alama mwilini? Ninakuandikia kwa upendo. Sisi ni wa ziwani, wale ni wa bara, na mambo yao hatuyajui.

Kaa na Mungu.

Pétronille


Kalemie, 7 Oktoba 1984

Yaya,

Sisi wazima. Nicolas anakaa bila kuegemezwa. Florent siku hizi hakai nasi. Akirudi kazini anakula na kwenda kukaa nje.

Ulichoandika kimetimia, kwa hiyo keti nikusimulie. Papa Pontien, kaka mkubwa wa Florent kwa mama mwingine, alikuja kutusalimu na watu wawili wa kikundi chake cha sala. Camille alikuwa uchi uani, anaoga. Papa Pontien akaona alama za zambarau nyuma ya paja, tatu, zinashuka. Akauliza nani amechora. Mtoto akasema bibi.

Jumamosi wakarudi tukakaa sebuleni. Papa Pontien alimlaza Camille kwenye mkeka, akamgonga mguu mzima kwa kidole chake: juu, chini, pembeni. Mtoto alikuwa anachezea ukindu wa mkeka, hakushtuka. Kisha akamwita Mama Mujinga, akamwambia na yeye aguse. Bibi akaenda moja kwa moja pale anapopajua, akagonga mara moja, Camille akaruka na kulia siafu, siafu. Papa Pontien akasimama. "Muguu ni moja, mikono ni mbili," akasema. "Miye nagonga, mutoto ananyamaza. Yeye anagonga, mutoto analia. Munatafuta nini tena?"

Mama Mujinga akajibu, "Miye nilifundishwa na munganga wa hospitali. Mumuite." Lakini ilikuwa Jumamosi, na kutoka hospitali hapakuwa na mtu wa kueleza. Nilimpa Florent barua yako ya Agosti. Aliisoma mara mbili. Jumatatu wakampandisha mama yake treni ya kurudi Nyunzu. Mfuko wake ulikuwa mdogo kuliko ule aliokuja nao, kwa sababu nguo nyingine alizikata kuwa nepi za Nicolas. Hakumlaani mtu. Aliniambia tu nisisahau kulinyoosha goti.

Sasa mguu naushika mimi, nikipata nafasi. Alfajiri niko sokoni, jioni Nicolas analia. Sihesabu thelathini, Yaya, nahesabu kumi na tano na usingizi unanichukua.

Na jambo moja la mwisho. Usiku sina kazi ila kuzisoma barua zako. Juni uliandika Isidore anasema Camille alikuwa mzima siku zake zote hapo. Agosti uliandika Isidore hakuwepo, alikuwa Moba wiki zote tatu. Nimeziweka zote mbili mezani, upande kwa upande. Nisomee wewe, maana mimi nimeshindwa.

Adrienne


Kalemie, 11 Novemba 1984

Yaya,

Hippolyte amekuja mara tatu na mikono mitupu. Safari hii hakukuwa na samaki hata mmoja, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilikwenda kwa Évariste. Alipokishika kisigino cha Camille alikiachia, akakishika tena. Kimeanza kukaza. Mwezi mmoja zaidi hivi, akasema, na unyayo hautagusa chini wote, atatembea kwa vidole hata kama mshipa utafika salama. Akauliza yule bibi yuko wapi. Nikasema amesafiri.

Akahesabu alama za Mama Mujinga, ambazo nimekuwa nikizikoleza, akazipima kwa uzi. Akaniambia mshipa unaota kutoka mahali palipoumia, hauoti kutoka hewani. Kila mwezi hatua ileile, kwa hiyo mtu anaweza kurudi nyuma. Akarudisha uzi kupanda, mwezi kwa mwezi, hadi Aprili. Uzi ukaishia katikati ya tako la kushoto. Akanishika kidole changu akakibonyeza pale. Kuna kigumu chini ya ngozi, kidogo, kama kizibo cha chupa. "Mama, ni hapa njo sindano iliingia," akasema. "Haikupashwa kuingia hapa. Inaingiaka juu, pembeni. Mutu aliyepiga hakujua kazi."

Isidore anajua kazi. Amepiga sindano nusu ya pwani hiyo.

Mimi ni mdogo wako, na wewe ni mama mkubwa wa Camille. Sina ruhusa ya kukuhoji. Kwa hiyo sikuhoji. Nimeacha nusu ya karatasi hii wazi. Usichukue nyingine. Andika humuhumu, chini ya maneno yangu, na Hippolyte nimemwambia asiondoke Zongwe bila karatasi hii.

Adrienne


2 Desemba

Adrienne,

Nafasi uliyoniachia ni ndogo, nayo inatosha.

Aliugua. Usiku wa kwanza homa, wa pili degedege, macho yakageuka meupe. Isidore alikuwa Moba kweli. Mitumbwi yote yenye mota haikuwa na mafuta. Sanduku lake la dawa lilikuwa chini ya kitanda, na kinini, dawa ya malaria, ndani yake. Nimemchemshia sindano miaka kumi na moja, nimewashikilia watoto wa watu miguu huku akiwapiga. Nilidhani kuona ni kujua. Nilimkalia mgongoni asijitikise, nikachoma katikati. Mguu ulirusha teke moja, kisha ukalala. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, akaomba uji. Nikaona uji, mguu sikuutazama.

Isidore aliporudi, Camille akiwa njiani kuja kwako, nilimwambia. Aliniambia ninyamaze, kwa sababu wangesema ni yeye, na wangemfukuza kazi. Hayo ya kwamba alimwona mzima niliyatunga mimi.

Niliapa Isidore hakumgusa, na hilo lilikuwa kweli. Niliposema juu ya mama mkwe wako nilijua ninachofanya. Nilikuwa na hofu, Adrienne, na mwanamke yule simjui uso. Ilikuwa rahisi.

Ukisha kusoma, choma. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya. Kwa Florent tafuta maneno mengine, wewe una kipaji.

P.


Kalemie, 20 Januari 1985

Yaya Pétronille,

Mwaka umegeuka na wote tuko hai, Nicolas anatambaa na kula udongo.

Sikuichoma. Florent aliporudi kazini nilimwomba amwite Papa Pontien, na mbele yao wawili niliisoma kwa sauti, nusu yangu na nusu yako. Papa Pontien aliomba aione mwenyewe. Akaitazama muda mrefu, akasema anaumwa kichwa, akaondoka. Tangu hapo anapita barabara ya chini. Florent alikwenda kazini siku mbili kama kawaida. Siku ya tatu akapanda treni ya Nyunzu.

Kabla hujanikasirikia, sikiliza na yangu, maana wewe umeandika yako. Oktoba nilikuambia kutoka hospitali hapakuwa na mtu wa kueleza. Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo siku Évariste alipomfundisha, nilimshikia Camille mguu, kalamu ya zambarau niliinunua mimi. Jumamosi ile, bibi aliposema mumuite mganga, alinitazama mimi. Neno moja lingetosha. Nikatazama mkeka. Nilijua kwamba Évariste akiitwa atauliza tena habari ya sindano, na sindano ilikuwa inaelekea Zongwe. Tangu Julai nilikuwa nakushuku. Nikaona afadhali awe mchawi yeye, mama wa watu, kuliko uwe na kosa wewe, dada yangu. Nikaitoa barua yako nikampa mwanawe aisome. Naona aibu, Yaya. Nikiwa sokoni nakumbuka, nakosea kurudisha chenji.

Mama Mujinga amerudi wiki iliyopita. Nilipiga magoti uani, akanipita. Alimwendea Camille, akauliza nani aliyekuwa anashika mguu huu. Nikasema mimi. Akasema, "Naona." Akakaa chini, akakishika kisigino, akahesabu thelathini mara ishirini. Évariste ameweka plasta ngumu ya upande wa nyuma, inayofunguliwa bibi akija, anaibadilisha kila baada ya siku tano, kila mara unyayo unapanda kidogo. Anasema bado tumo ndani ya muda, kwa shida. Jana kabla ya plasta mpya bibi aligonga. Siafu wako chini ya goti, upande wa nje. Unyayo wenyewe haujainuka bado. Évariste anasema tungoje hadi Pasaka, na hataki kuahidi.

Lakini nyumbani kwangu halali. Analala jikoni kwa Mama Hélène, kwenye jamvi, na mvua hizi. Alfajiri anakuja, anashika mguu, anaondoka, jioni vilevile. Chai yangu hainywi. Mtaa mzima ulimwona anapandishwa treni, Yaya. Hakuna aliyesikia nilichosoma sebuleni kwangu. Wanawake wa kisimani wanaficha watoto wao akipita. Florent alimlilia. Akamjibu, "Barua haina mudomo. Ule aliyemupiga mutoto sindano akuje aseme pa kisima, na ule aliyenyamaza asimame pembeni yake. Hapo njo nitaingia."

Mimi nitasimama. Nimemwambia na Évariste, atakuja siku hiyo na uzi wake.

Isidore atakukataza, na una haki ya kuogopa, kwa maana habari ikifika wakubwa wake sijui watafanya nini. Siwezi kukuahidi kwamba hawatafanya kitu. Najua pia kwamba usiku ule bila wewe labda ningezika mtoto, na hilo nitalisema palepale kisimani kabla hujafungua mdomo.

Hippolyte anaondoka Zongwe Alhamisi. Nauli yako yuko nayo. Samaki usilete.

Adrienne